Megabiti 20, Sekunde 11: Ukurasa Unachelewa Wapi?

Msomaji mmoja wa Lamu ameuliza hivi: «Nina nyumba ndogo ya wageni mtaa wa Mkomani. Tovuti yetu iko kwenye seva ya kukodi huko Ulaya. Nikipima mtandao wangu napata megabiti 20 kwa sekunde, lakini ukurasa wetu wa mwanzo huchukua sekunde 11 kufunguka, na wageni wa Nairobi nao wanalalamika. Kijana aliyetutengenezea tovuti anasema ninunue kifurushi cha megabiti 40. Mwingine anasema tuhamie HTTP/3 na mambo yatakwisha. Nimfuate nani?»

Dada yangu, kifurushi cha megabiti 40 kiache kwanza. HTTP/3, yaani toleo la tatu la HTTP, itifaki au lugha ambayo kivinjari na seva hutumia kuombana kurasa, utaifikia, lakini si hatua ya kwanza wala ya pili, na nitakueleza kwa nini nimeiweka huko nyuma ilhali mimi mwenyewe ni mpenzi wake.

Nimeifungua tovuti yako nikiwa hapa Malindi, mara tano asubuhi na mara tano usiku, huku nikiandika kila faili linaloombwa na muda linaochukua. Pakiti moja, yaani kipande kidogo cha data, kutoka kwangu hadi kwenye seva yako na kurudi ilitumia wastani wa milisekunde 180. Ukurasa wa mwanzo una mafaili 63 yenye uzito wa jumla wa megabaiti 9, na seva bado inazungumza HTTP/1.1 juu ya usimbaji fiche wa TLS 1.2. Hesabu zote zitakazofuata zinatokana na namba hizo.

Megabiti 20 ni upana wa njia. Zinaeleza ni shehena kiasi gani inaweza kupita kwa sekunde moja ikiwa njia imejaa wakati wote, na hazisemi lolote kuhusu umbali. Mwenye duka hapo Amu, yaani Lamu mjini, anayeagiza saruji kutoka bara anaijua tofauti hii bila kufundishwa. Akitaka mifuko mia tatu kwa mkupuo, jahazi kubwa litamfaa. Lakini ikiwa kwanza anatuma mtu ng'ambo Mokowe, upande wa bara, kuuliza kama duka limefunguliwa, mtu huyo arudi na jibu, aende tena kuuliza bei, arudi, aende kuonyesha kitambulisho, arudi, ndipo aende kuchukua mfuko mmoja, basi jahazi liwe na ukubwa wowote, siku itakwisha na mafundi wamekaa kivulini.

Kurasa za mtandao hufanya biashara kwa mtindo huo wa pili. Kabla ya herufi moja ya ukurasa wako kufika, kivinjari hutuma pakiti kubisha hodi kwenye seva kwa itifaki ya TCP na kusubiri kuitikiwa. Hiyo ni safari ya kwenda na kurudi. Kisha pande mbili hukubaliana funguo za siri kwa TLS 1.2, ambayo ni safari mbili nyingine. Ndipo kivinjari huomba ukurasa na kupata jibu, safari ya nne. Nne mara milisekunde 180 ni milisekunde 720, karibu robo tatu ya sekunde, na skrini ya mgeni bado ni nyeupe. Hata ungekuwa na megabiti elfu moja, muda huo usingepungua, kwa sababu pakiti zinazosafiri hapo ni ndogo mno na kinachozichelewesha ni umbali tu. Mwanga ndani ya nyuzi za faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Tukichukulia njia ya kilomita 10,000 kati ya pwani yetu na seva ya Ulaya, kwenda na kurudi hakuwezi kushuka chini ya milisekunde 100, na mizunguko ya njia pamoja na vifaa vya katikati huongeza kilichobaki. (Hata hivyo tushukuru. Kabla ya kebo za baharini kufika Mombasa mwaka 2009 tulitegemea setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta, na kwa hizo safari moja ya kwenda na kurudi haikupungua karibu nusu sekunde.)

Sitaki kumdhulumu kijana wako, kwa hiyo nimepima hoja yake. Megabaiti 9, ambazo ni megabiti 72 kwa kuwa baiti moja ni biti nane, kwenye njia ya megabiti 20, njia ikiwa imejaa bila kupumzika, zinahitaji sekunde 3.6. Ukinunua megabiti 40 zitahitaji 1.8. Utakuwa umeokoa sekunde 1.8 kati ya 11, na utalipia kila mwezi. Isitoshe, utakuwa umeziokoa kwako wewe Mkomani, wakati mgeni anayetafuta chumba yuko Nairobi kwa kifurushi chake mwenyewe. Mwaka 2010 Mike Belshe, mhandisi wa Google wakati huo, alichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba ukishapita megabiti tano hivi, kuongeza upana hakupunguzi sana muda wa kufungua kurasa, ilhali kila milisekunde inayopunguzwa kwenye safari ya kwenda na kurudi huonekana moja kwa moja kwenye muda huo. Kurasa za leo ni nzito kuliko za wakati ule, hivyo kiwango chenyewe kimesogea, lakini sababu haijabadilika.

Sasa tazama jambo moja ambalo hakuna aliyekwambia, na ambalo kwangu ndilo aibu kubwa ya tovuti yako. Kiungo mlichokiweka kwenye WhatsApp na kwenye kadi za mapokezi ni cha zamani: kinaanza na http bila «s», tena bila www. Mgeni akikibonyeza, kivinjari hufungua muunganisho usiosimbwa na kuomba ukurasa, seva hujibu, «Hatupo hapa, nenda kwenye https.» Safari mbili zimekwisha. Kivinjari hufungua muunganisho mpya wenye usimbaji fiche na kuomba tena; seva hujibu, «Hatupo hapa pia, nenda kwenye www.» Safari nne. Huko nako hufungua muunganisho wa tatu, safari nne nyingine, ndipo ukurasa unaanza kuja. Jumla ni safari kumi, yaani sekunde 1.8; sita za kwanza, zaidi ya sekunde moja, ni hasara tupu, na dawa yake ni kubadilisha maandishi ya kiungo na mistari miwili mitatu kwenye mpangilio wa seva ili aliyekuja kwa anwani yoyote ya zamani apelekwe moja kwa moja kwenye anwani ya mwisho.

Baada ya hapo kuna picha. Picha yako ya barazani juu ya paa, ile yenye mashua kwa mbali, ina upana wa pikseli 4,000 na uzito wa megabaiti 3.2. Kwenye simu ya mgeni inaonyeshwa kwa upana usiofika robo ya huo. Zote zikipunguzwa ziwe na upana unaoonekana kweli, na zikihifadhiwa kwa muundo wa WebP, ukurasa mzima unaweza kushuka kutoka megabaiti 9 hadi chini ya moja bila mgeni kuona tofauti. Lakini faida yake si uzito tu, na hapa inabidi nieleze tabia moja ya TCP ambayo hata mafundi wengi wa tovuti hawaijui.

Mnamo Oktoba 1986 mtandao kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, majengo yaliyotenganishwa na mita zisizofika mia nne, ulianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Kila kompyuta ilikuwa ikimimina pakiti kwa nguvu zake zote, zikipotea inazimimina upya, na njia ikazibwa na marudio. Van Jacobson, mtafiti wa maabara hiyo, alilichunguza tukio hilo, na mwaka 1988 akaeleza dawa ambayo TCP inaitumia hadi leo: anayetuma haanzi kwa kasi kamili. Anatuma kidogo, anasubiri kuambiwa kwamba zimefika, kisha anatuma maradufu. Siku hizi seva nyingi huanza na pakiti kumi, kiwango kilichoandikwa kwenye RFC 6928 ya mwaka 2013 (RFC ni nyaraka zinazoeleza kanuni za intaneti), na pakiti kumi ni kama kilobaiti 14.6 tu. Duru ya pili ni pakiti 20, ya tatu 40, ya nne 80, ya tano 160.

Chukua picha ya kilobaiti 400. Kwa hesabu ya upana peke yake, megabiti 20 zingeimaliza kwa sekunde 0.16. Kwa hesabu ya duru, baada ya duru ya kwanza zimefika kilobaiti 14.6, baada ya ya pili kama 44, baada ya ya tatu 102, baada ya ya nne 219, na ni duru ya tano pekee inayovuka 400. Duru tano za milisekunde 180 ni sekunde 0.9. Njia yako pana imekaa wazi kwa sehemu kubwa ya muda huo, seva ikisubiri habari kutoka upande wa pili. Picha hiyo ikipunguzwa hadi kilobaiti 40 inakwisha kwa duru mbili. Ndiyo sababu nasisitiza kwamba ukurasa wenyewe wa maandishi, baada ya kubanwa kwa gzip au Brotli, ukiweza kuingia ndani ya kilobaiti 14 za kwanza, mgeni ataanza kusoma duru moja mapema.

Itifaki zenyewe sasa. HTTP ya Tim Berners-Lee, mbunifu wa wavuti, ya mwaka 1991 ilijua kuomba kurasa za maandishi, basi. Toleo la 1.0, lililoandikwa rasmi mwaka 1996, lilifungua muunganisho mpya kwa kila faili kisha likaufunga, kama mtu anayebisha hodi upya kwa kila kijiko anachoazima kwa jirani. Toleo la 1.1, la mwaka 1997, liliruhusu muunganisho kubaki wazi, lakini kwa matumizi ya kawaida kila muunganisho huhudumia ombi moja kwa wakati mmoja: linalofuata halitumwi hadi lililotangulia limalize kujibiwa. Vivinjari vikaizunguka kasoro hiyo kwa kufungua miunganisho sita kwa kila seva. Mafaili yako 63 yakigawanywa kwa sita ni zaidi ya zamu kumi za kusubiri, na zamu kumi peke yake ni sekunde 1.8 nyingine.

Google ilianza kuijaribu itifaki ya SPDY mwaka 2009, na kutokana nayo ikazaliwa HTTP/2, iliyochapishwa rasmi Mei 2015. Hapo maombi yote 63 yanaweza kutumwa kwa pamoja ndani ya muunganisho mmoja, na majibu yakarudi yamechanganywa vipande vipande, kila kipande kikiwa na namba ya mkondo wake. Vichwa vya ujumbe, ambavyo katika 1.1 hurudiwa neno kwa neno katika kila ombi, navyo hubanwa. Kwa tovuti kama yako, hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote za upande wa itifaki, na kwa seva inayotumia programu ya nginx ni suala la kuiwasha tu, kwa kuwa cheti cha usalama unacho tayari. Kijana wako akikuta miongozo ya zamani inayomshauri agawanye picha kwenye anwani tatu nne tofauti, asiifuate. Hila hiyo ilisaidia wakati wa 1.1 na inaudhuru muunganisho mmoja wa HTTP/2. Vilevile aachane na ule mtindo wa seva kusukuma mafaili kabla hayajaombwa. Ulisifiwa sana, kisha ikaonekana kwamba mara nyingi unasukuma vitu ambavyo kivinjari kinavyo tayari, na Chrome iliuondoa mwaka 2022.

HTTP/2 ina udhaifu wake, na ni udhaifu unaotuhusu sisi watu wa visiwani na wa simu za mkononi. TCP haijui mikondo. Inaona mfululizo mmoja wa baiti ambao lazima ufike kwa mpangilio. Pakiti moja ikipotea, zote zilizo nyuma yake husimama hata kama ni za picha nyingine kabisa, mpaka iliyopotea itumwe tena. Ni kama vichochoro vya Mkomani: punda mmoja akiangusha mzigo, walio nyuma husimama wote, hata yule aliyekuwa akielekea nyumba nyingine. Kwenye faiba safi pakiti hupotea kwa nadra. Kwenye simu iliyoshikwa na mtu aliye ndani ya boti kati ya Mokowe na Amu, mnara mmoja ukimwachia mwingine, hupotea mara kwa mara.

QUIC, ambayo Jim Roskind aliibuni ndani ya Google mwaka 2012 na ambayo ilikuja kuwa kanuni rasmi Mei 2021 kwa RFC 9000, iliamua kuiacha TCP kabisa na kujenga upya juu ya UDP, itifaki nyepesi inayotuma pakiti bila kubisha hodi wala kusubiri mpangilio. Kila mkondo hufuatiliwa peke yake, kwa hiyo pakiti ya picha ya chumba ikipotea, maandishi ya bei huendelea kufika. Usimbaji fiche wa TLS 1.3, toleo la mwaka 2018, umeshonwa humo humo, hivyo kubisha hodi na kukubaliana funguo hufanyika kwa safari moja badala ya tatu. Ukurasa huanza kuja safari ya pili, milisekunde 360 badala ya 720. Tena muunganisho hautambuliwi kwa anwani ya mtandao bali kwa namba yake maalumu, na hilo huwezesha simu inayotoka kwenye Wi-Fi ya hoteli na kuingia kwenye data ya simu kuendelea pale ilipofika bila kuanza upya. HTTP/3, ya Juni 2022, ni HTTP inayopanda chombo hicho.

Kwa nini basi nimeiweka nyuma? Kwa sababu ya wageni wako walivyo. Mara nyingi kivinjari kinachofika kwenye tovuti kwa mara ya kwanza hakijui kwamba seva inaijua HTTP/3. Huingia kwa HTTP/2, na ndani ya jibu husoma tangazo kwamba mlango wa QUIC upo. Ziara inayofuata ndiyo hufaidi. Benki au gazeti lina wasomaji wanaorudi kila siku. Nyumba ya wageni yenye vyumba saba hutembelewa na mtu mara moja au mbili, achague, aende zake. Kuna njia ya kulitangaza jambo hili mapema, ndani ya rekodi ya jina la tovuti yenyewe, rekodi aina ya HTTPS iliyoelezwa na RFC 9460 ya mwaka 2023, na siku utakapoiwasha HTTP/3 hakikisha fundi ameiweka pamoja nayo. Ile sifa nyingine ya kutuma ombi pamoja na hodi ya kwanza, bila kusubiri hata safari moja, ni ya wanaorudi tu, na ina hatari yake: ombi la namna hiyo linaweza kunakiliwa njiani na kurudiwa na mtu mwenye nia mbaya, kwa hiyo seva inapaswa kulikubali ombi hilo kwa kusoma kurasa pekee, kamwe si kwa fomu ya kuweka chumba au kulipa.

Nina sababu ya pili ya tahadhari, na kosa lilikuwa langu. Niliwahi kuiwasha HTTP/3 kwenye seva ya mteja mmoja hapa Malindi, nikakagua mpangilio, nikaona kila kitu kiko sawa, nikalala. Baada ya wiki mbili ndipo nikagundua kwamba kwenye ukuta wa ulinzi wa seva nilikuwa nimefungua mlango 443 wa TCP, kama ilivyo desturi, nikausahau mlango 443 wa UDP. Kila kivinjari kilijaribu QUIC, kikakosa jibu, kikarudi kimyakimya kwenye HTTP/2, na hakuna aliyelalamika wala aliyenufaika. Ipo pia mitandao ya ofisi inayoizuia UDP kwa makusudi, na mgeni aliye huko hataonja HTTP/3 hata ufanye nini.

Kazi kubwa kuliko kubadilisha itifaki ni kufupisha njia. Wanaolalamika ni watu wa Nairobi na wewe mwenyewe. Wageni wa Ulaya hukuwataja, na sishangai, maana seva iko jirani nao. Ipo huduma ya kuweka nakala za mafaili kwenye seva zilizotapakaa duniani, na baadhi ya watoaji wake wana vituo Nairobi. Mgeni wa Nairobi akizipata picha kutoka kituo cha mji wake, safari ya milisekunde 180 inakuwa ya milisekunde chache tu, na kila hesabu ya safari niliyoifanya hapo juu inagawanyika kwa kiasi hicho hicho. Watoaji hao kwa kawaida huwa wamekwisha kuwasha HTTP/2, HTTP/3 na TLS 1.3 upande wao, hivyo huenda ukaipata HTTP/3 bila kumlipa yeyote aiweke.

Pamoja na hilo, picha na mafaili ya mtindo yapewe ruhusa ya kukaa kwenye simu ya mgeni mwaka mzima, na kila yanapobadilishwa yapewe jina jipya. Kwa sasa seva yako haitoi muda wowote, hivyo simu huuliza mara kwa mara, «Hii imebadilika?», nayo seva hujibu, «Haijabadilika.» Jibu hilo ni dogo, lakini limekula safari nzima. Kitufe cha mazungumzo na ile ramani navyo visipakuliwe hadi mgeni avibonyeze, kwani kila kimoja kinatoka kwenye seva ya watu wengine na kinaanza hodi zake mwanzo.

Fundi akimaliza, mwambie akufungulie zana za ukaguzi za kivinjari kwa kitufe cha F12, sehemu ya mtandao, na aiwashe safu ya itifaki. Kila faili litaonyesha «http/1.1», «h2» au «h3», na juu kabisa utaona kama bado kuna jibu la kuelekezwa kwingine kabla ya ukurasa wenyewe. Kisha zima Wi-Fi, teremka hadi gatini na simu yenye data ya kawaida, futa kumbukumbu ya kivinjari, ubonyeze kiungo kile kile cha kwenye WhatsApp ukiwa na saa mkononi. Umwombe na mgeni mmoja wa Nairobi afanye hivyo hivyo saa mbili usiku, wakati mitandao imejaa, na uniletee namba zake pamoja na zako.